Mtoto mnene, damu 9.2. Imekuwaje?

Mama Tunu: Jamani, nisaidieni. Binti yangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Akiona sahani anageukia ukutani, lakini maziwa ya ng'ombe anamaliza chupa tano kwa siku, moja ikiwa ya usiku wa manane. Mashavu yamejaa, kila mtu ananisifia. Juzi kapimwa damu, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) 9.2, iko chini. Nimebaki mdomo wazi.

Baba Mapacha: Unene si damu, dada. Chupa yako ina ujazo gani?

Mama Tunu: Mililita 200.

Baba Mapacha: Basi ni lita nzima! Maziwa karibu hayana madini ya chuma, na kalsiamu yake inauzuia mwili kufyonza hata yale machache ya kwenye chakula. Tena tumbo lenyewe dogo, chakula kikae wapi? Mmoja wa mapacha wangu alifikia kula udongo kwa kukosa chuma. Tuliambiwa tusizidishe nusu lita kwa siku, na iwe kwenye kikombe. Sisi tulianza kuondoa chupa ya usiku ili aamke na njaa. Tulivumilia vilio siku nne, mimi na mama yao tukilala kwa zamu.

Mama Tunu: Siku nne! Na juisi je? Nampa ya matunda nikidhani namjenga.

Bibi wa Saba: Mwanangu, hiyo nayo inamshibisha bure. Mpe tunda lenyewe atafune. Milo mitatu, vitafunio viwili katikati, saa zilezile. Akiona kiu kabla ya hapo, maji. Na usimfukuze na kijiko nyumba nzima, mie nilifanya hivyo kwa wanangu nikaambulia magoti mabovu. Weka maharage, yai, nyama ya kusaga. Akikataa, ondoa bila ugomvi, kesho rudisha. Mjukuu wangu alikataa maharage kama mara kumi, kisha siku moja akayadokoa kwenye sahani yangu.

Muuguzi wa Zamu: Mama Tunu, 9.2 usiitibu kwa chakula peke yake. Rudi kwa daktari, dozi ya chuma hupangwa kwa uzito wa mtoto. Usimpe dawa hiyo pamoja na maziwa wala chai, na chupa ya dawa ifungie juu kabisa. Akiinywa yote ni sumu.

Mama Tunu: Asanteni, kesho tunarudi. Nimeficha chupa nne. Ya tano kalala nayo, kaikumbatia.