Mrejesho: Mama na kile kilima cha Kibosho

Wakuu, nilileta hapa shida ya mama yangu, yuko Kibosho, Moshi. Mapafu yamechoka kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, akipanda kutoka mtoni anahema hadi anashindwa kuongea. Mlinishauri mazoezi ya kupumua. Asanteni.

Lile la kuvuta hewa kwa pua akihesabu mbili, kisha kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa akihesabu nne, ndilo lililomkaa. Mwanzoni alipuliza kwa nguvu kama anachochea jiko, mwenyewe akacheka. Nikamwambia, mama, puliza kama unapoza uji kwenye kijiko bila kuumwaga. Sasa kilimani anatoa pumzi huku anapiga hatua, anasimama, anaegemea fimbo, anaendelea. Lile la kupumua kwa tumbo, mkono ukiwa juu yake, lilimchosha zaidi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akasema aliache.

Mapafu hayajapona, jamani, na dawa ya kuvuta anaendelea nayo. Ila ile hofu imepungua. Jumapili kafika kanisani kwa miguu. Kakuta mahubiri yameshaanza, lakini kafika.