Mjadala: Kiruna inahamishwa kupisha mgodi. Je, fidia ya majengo inatosha, au mji unastahili fungu katika mapato ya chuma?

MTOA MADA

Ndugu wasomaji, nawaletea suala ambalo wengi wanaliona limekwisha, kwa sababu picha zake zilizunguka dunia nzima mwezi Agosti 2025. Kanisa la mbao la mji wa Kiruna, Sweden, lenye upana wa mita 40 na uzito wa tani 672 lilipakiwa zima zima juu ya magari maalumu yenye magurudumu mengi, likasafirishwa kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na baada ya siku mbili likafika makazi yake mapya umbali wa kilomita 5 hivi. Mfalme Carl XVI Gustaf alihudhuria, televisheni ikarusha moja kwa moja, na sifa zikamiminika kwa kampuni ya madini ya LKAB iliyogharamia kazi hiyo. Sina ubishi na mafundi, maana kazi yao ilikuwa ya kustaajabisha. Hoja yangu ni kwamba sifa zile zimefunika swali ambalo bado halijajibiwa, nalo ni hili: mji unapolazimika kuhama kwa sababu ya utajiri ulio chini yake, je, deni lake linaisha pale majengo yanapolipwa?

Kiruna iko kaskazini kabisa mwa Sweden, ndani ya ukanda wa Aktiki, mahali ambapo jua halichomozi kwa wiki kadhaa mwezi Desemba na halizami kwa wiki kadhaa katikati ya mwaka. Kabla ya mgodi, ardhi hiyo ilikuwa ya Wasami, ambao kwa karne nyingi wamechunga reinidia, wanyama wa jamii ya kulungu wanaostahimili baridi kali, wakihama nao kati ya milima na misitu kwa kufuata majira. LKAB iliundwa mwaka 1890, reli ikafika mwaka 1899, na mwaka 1900 ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa mji. Meneja wa kwanza wa kampuni huko, mwanajiolojia Hjalmar Lundbohm, hakutaka kuona kambi ya vibanda ikiota ovyo. Alimwita Per Olof Hallman apange mitaa iliyopinda kufuata mteremko ili upepo usipate njia iliyonyooka, naye Gustaf Wickman akachora kanisa lile lililokamilika mwaka 1912, umbo lake likikumbusha makao ya jadi ya Wasami. Reli ilipofika bandari ya Narvik nchini Norway mwaka 1902, bandari ambayo maji yake hayagandi hata wakati wa baridi, chuma cha Kiruna kilipata mlango wa kutokea duniani.

Mwaka 1957 serikali ya Sweden ilichukua takribani hisa zote za kampuni. Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha hoja yangu: tangu wakati huo, mwenye mgodi, mpokeaji wa gawio na mtunzi wa sheria ya madini wamekuwa upande mmoja wa meza. Wapo wanaoamini kwamba mali ikiwa ya umma, haki hujileta yenyewe. Wachimbaji wa Kiruna walipata jibu lao mapema. Desemba 1969 karibu watu 5,000 wa migodi ya LKAB waligoma bila ridhaa ya chama chao wenyewe, wakidai mshahara wa mwezi badala ya malipo ya kupimiwa kazi, huku wakitangaza kwamba wao si mashine. Waliigomea kampuni ya serikali, chini ya serikali iliyojiita ya wafanyakazi, na mgomo ukadumu hadi Februari 1970.

Sasa tuangalie kwa nini mji unahama. Mwamba wenye chuma umelala kwa mshazari, ukiinamia chini ya mji, na kwa hiyo kila unapofuatwa kwa kina zaidi, machimbo huusogelea mji. Ngazi kuu ya sasa ya kusafirishia mawe iko mita 1,365 ikipimwa kutoka kilele cha zamani cha mlima. Njia inayotumika ni kulipua mwamba wa chuma kutoka chini na kuuacha mwamba wa juu uporomoke na kujaza pengo, jambo ambalo hatimaye huifanya ardhi ya juu kutitia na kupasuka. Kila usiku, kwenye saa saba na nusu hivi, baruti hulipuliwa, na aliyelala mtaa wa karibu huhisi kitanda kikitikisika na vyombo vikigongana kabatini, kisha kimya hurudi. Mei 2020 ulitokea mgodini mtikisiko wa kipimo cha 4.9, mkubwa kuliko wote uliowahi kusababishwa na uchimbaji nchini humo.

Mwaka 2004 LKAB iliiandikia halmashauri kwamba uchimbaji ukiendelea, katikati ya mji haitakalika. Baada ya mabishano kuhusu mahali pa kwenda, mwaka 2011 baraza lilichagua upande wa mashariki, kilomita 3 hivi kutoka katikati ya zamani. Jengo jipya la halmashauri lilizinduliwa mwaka 2018 na kitovu kipya cha mji kikafunguliwa Septemba 2022. Jengo la zamani la halmashauri, lililopata tuzo ya juu ya usanifu wa Sweden mwaka 1964 na kuwekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, liliondolewa ulinzi huo na kubomolewa, ukaokolewa mnara wake wa saa. Ulinzi wa sheria ulidumu mpaka siku ulipokutana na mgodi.

Sheria inaitaka kampuni ilipe uharibifu inaousababisha, na LKAB inalipa: mwenye nyumba huchagua kati ya nyumba mpya na thamani ya soko pamoja na nyongeza ya asilimia 25. Lakini hayo ni malipo ya kitu kilichobomolewa. Mapato ya chuma chenyewe yana safari nyingine. Kodi ya faida ya kampuni huenda serikali kuu, na gawio, ambalo katika miaka mizuri ni mabilioni ya krona, huenda serikali kuu vilevile. Hata tozo ya madini iliyomo katika sheria ya Sweden kwa vibali vipya ni asilimia 0.2 tu ya thamani ya madini, robo tatu ikienda kwa mwenye ardhi na robo kwa serikali, pasipo halmashauri kutajwa. Halmashauri huishi kwa kodi ya mapato ya wakazi wake waliojiandikisha, na mfanyakazi anayepanda ndege kuja kufanya zamu na kurejea kwao kusini hulipa kodi hiyo huko kwao, ingawa theluji anayoikanyaga huondolewa kwa gharama ya Kiruna.

Kwa hiyo pendekezo langu ni moja. Sheria itoe fungu la kudumu la mapato ya madini kwa Kiruna, na itolewe kabla ya kufunguliwa kwa Per Geijer, mwamba mwingine ulio jirani, ambao LKAB ilitangaza Januari 2023 kwamba una zaidi ya tani milioni moja za madini adimu yanayohitajika kutengenezea smaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Nawakaribisha wenye maoni tofauti.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, salaam. Umeeleza historia vizuri, lakini hitimisho lako silikubali, na nitasema sababu bila kuzunguka.

Mgodi ndio uliouzaa mji. Bila chuma kusingekuwa na reli, wala kanisa, wala halmashauri ya kudai fungu. Unazungumza kana kwamba mji ulikuwepo kwa amani zake na mgodi ukauvamia, ilhali kila mtaa wa Kiruna ulijengwa kwa sababu watu walifuata kazi. Na kazi hiyo imepitia nyakati mbaya sana. Soko la chuma lilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1970, LKAB ilipunguza wafanyakazi, na halmashauri iliyokuwa na zaidi ya watu 30,000 leo ina takribani 22,000. Tujiulize ingekuwaje kama bajeti ya shule na ya wazee ingekuwa imefungwa kwenye bei ya chuma miaka ile. Hazina ya taifa ina kifua cha kuhimili msukosuko kama huo, halmashauri ndogo haina. Ndiyo maana Sweden ina mfumo wa kusawazisha mapato kati ya halmashauri, ambapo zenye nacho huchangia zisizo nacho, na Kiruna imo ndani ya mfumo huo kama wengine.

Ukitaka kuona mji uliotendewa vibaya, tazama Malmberget, kusini mwa Kiruna, kwenye mgodi mwingine wa kampuni hiyohiyo. Huko shimo lilijitokeza katikati ya makazi na likaendelea kupanuka mwaka hadi mwaka, mji ukagawanyika pande mbili, na watu wakaishi kwa miongo kadhaa kando ya uzio bila kujua lini zamu yao ya kuondoka itafika. Kiruna iliarifiwa mapema, ikapangiwa, ikajengewa kwanza ndipo ikabomolewa. Hayo ni maendeleo makubwa ya haki, na si sahihi kuyapita haraka.

Kuhusu Per Geijer, Ulaya inategemea China kwa madini hayo. LKAB tayari inatoa karibu asilimia 80 ya chuma kinachochimbwa katika Umoja wa Ulaya. Ukitoa masharti kwamba kila mji upewe fungu kwanza, miji yenye misitu na mabwawa ya umeme nayo itasimama foleni, na kila mradi utakwama mezani.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba niwakosoe nyote wawili, kwa sababu mnabishana juu ya mji na serikali na mmewasahau wafugaji, ambao mtoa mada aliwataja mwanzoni akawaacha hapo hapo.

Jumuiya za Wasami za Gabna na Laevas ndizo zilizobanwa na mgodi tangu siku ya kwanza. Gabna hupitisha wanyama wake kati ya malisho ya kiangazi milimani na malisho ya baridi misituni kwenye ukanda mwembamba uliobaki kati ya mji, reli na machimbo, na Per Geijer uko katika njia hiyo. Njia ya reinidia haipandishwi magari kama kanisa. Wakizuiwa kupita, huwezi kuwalipa thamani ya soko na nyongeza ya asilimia 25 halafu wakaila fedha hiyo wasipofika malishoni. Ufugaji wote, pamoja na lugha na ujuzi unaorithishwa humo, unasimama juu ya njia hiyo.

Tena ninaliogopa pendekezo la fungu. Leo halmashauri inapata sababu ya kusitasita kabla ya kuukaribisha mgodi mpya. Ipe asilimia katika kila tani, na wewe mwenyewe utaiona ikiwa mstari wa mbele kuomba Per Geijer ufunguliwe kesho asubuhi. Wasami ni wachache katika baraza. Nani atawasemea wakati huo?

MTOA MADA

Nawashukuru wote wawili, na nitaanza na mchangiaji wa pili kwa kuwa hoja yake ndiyo nzito zaidi. Fungu la halmashauri haliwezi kuwa kinga ya wafugaji, na sipendekezi haki yao ipitie mikononi mwa baraza la mji. Inapaswa kusimama peke yake na kutangulia: kama njia ya Gabna haiwezi kubaki wazi, kibali cha Per Geijer kisitolewe, hata kama mji mzima unakitaka na hata kama Umoja wa Ulaya, uliokwisha kuuweka katika orodha yake ya miradi ya kimkakati mwaka 2025, una haraka. Hofu yake kwamba fedha zitaulainisha mji ni ya kweli, na ndiyo sababu ya kuliandika sharti la wafugaji katika sheria ileile, lisiachwe kwa hisani ya madiwani.

Kwa mchangiaji wa kwanza: Malmberget ni mfano wa kweli, ila unathibitisha tu kwamba namna ya kuhamisha watu imeboreka. Kuhusu mfumo wa kusawazisha, huo hupima halmashauri kwa wakazi walioandikishwa na mapato yao, kwa hiyo haugusi kabisa wageni wa zamu wala ardhi ambayo mji hauwezi kuijengea kwa kuwa imeshikwa na serikali au imetengwa kwa ajili ya madini. Na kuhusu foleni ya miji mingine, si lazima tukisie. Vuka mpaka tu, huko huko chuma kinakopakiwa melini. Norway, kwa sheria za mwaka 1917, ilizipa halmashauri zenye maporomoko ya maji haki ya kupata sehemu ya umeme na ada za kila mwaka kutoka kwa wanaoyatumia. Zaidi ya miaka mia moja imepita, miradi haijakwama, na vijiji vya mabondeni vinaendesha shule kwa mapato hayo. Bei ya umeme nayo hupanda na kushuka.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Siku chache tu baada ya kanisa kutua mahali pake papya, LKAB ilitangaza kwamba eneo la kuhamwa litapanuliwa, na kwamba nyumba nyingine 2,700 zenye watu wapatao 6,000 zitaguswa. Wamo waliodhani wako upande salama. Wamo wapangaji ambao nyumba mpya zina kodi kubwa kuliko zile za zamani, na wenye maduka ambao wateja wao wamegawanyika kati ya vitovu viwili, kimoja kikiwa mteremkoni na kingine bondeni ambako hewa baridi hutuama. Kwa kila awamu, halmashauri inatakiwa ipange mitaa, itoe vibali, ivute mabomba ya maji katika ardhi iliyoganda, na kuendesha huduma mbili kwa wakati mmoja, ya mji unaokufa na ya mji usiokamilika. Fidia ya nyumba haina mstari wa gharama hiyo. Basi anayesema fidia inatosha anionyeshe ni katika kifungu kipi cha sheria ya sasa Kiruna itapata fedha za kazi hiyo kwa miaka ishirini ijayo, huku gawio la chuma kilekile likiendelea kwenda Stockholm.