Mfumo mpya wa kompyuta wa wodini umetengenezwa bila kumuuliza mkunga hata mmoja!

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku wodi ya wazazi na nina hasira. Leo nasema.

Mfumo tulioletewa haumsajili kichanga asiye na jina. Mtoto kazaliwa saa nane usiku, anahitaji dawa, jina linamsubiri babu yake huko kijijini. Kompyuta inadai jina. Bila jina hakuna namba ya faili, na bila namba famasi hawatoi dawa. Basi tunajaza "Mtoto Mtoto". Kukipambazuka wodini wapo akina Mtoto Mtoto kadhaa, vitanda vimepakana, kila mmoja na dawa yake. Hamwoni hatari iliyopo hapo? Mkunga yeyote angewaambia kichanga huandikwa kwa jina la mama yake. Hakuulizwa.

Halafu nywila. Ukiacha kompyuta kidogo ukamzalishe mama, ukirudi imeshakutoa, na kuingia upya ni shughuli. Kwa hiyo mmoja anaingia, zamu nzima tunatumia akaunti yake. Siku mgonjwa akifa, kumbukumbu zitasema dawa zote alitoa yeye peke yake. Msiniambie haiwezekani. Uingereza, kati ya 1999 na 2015, Horizon, mfumo wa kompyuta wa hesabu za posta, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo kwenye vituo vya posta. Waendeshaji wa vituo hivyo zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Waliposema kosa ni la mfumo, hawakusikilizwa.

Ukilalamika unajibiwa "mlishirikishwa". Wapi? Tuliitwa ukumbini mfumo ukiwa umeshakamilika, tukaonyeshwa pa kubonyeza. Kwenye vikao vya wadau walikwenda wakubwa ambao hawajashika zamu miaka mingi. Huko si kushirikishwa, ni kupewa taarifa!

Na hili si jambo geni duniani. Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alikaa na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wao wenyewe wawe na kauli juu ya kompyuta zinazoingizwa viwandani mwao. Hata DHIS2, mfumo wa kompyuta tunakopeleka takwimu za MTUHA (taarifa za huduma za afya), inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hukohuko Norway, walioukuza utaratibu huohuo wa kuwashirikisha watumiaji.

Tunaambiwa toleo jipya linakuja. Kabla halijaja, anayeliandika aje akae nasi usiku mzima, aone kazi inavyokwenda umeme ukikatika na akina mama watatu wakiwa tayari kujifungua. Mkunga, mfamasia na dada wa mapokezi wawe mezani tangu siku ya kwanza, tena ndani ya saa za kazi, siyo siku zao za kupumzika. Na wakisema kitu hakifai, kibadilishwe.

Kama kuna hospitali iliyofanya hivyo, mtuambie walianzaje. Barua yetu kwa uongozi haijajibiwa mpaka leo.