Mjadala: Tiba ya kiwewe Kivu isubiri bunduki zinyamaze?

MLETA MADA

Kila tunapozungumzia kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya mambo ya kutisha, cha watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, hoja moja hurudi: nyamazisheni bunduki kwanza. Mtu anayelala akisikiliza mabomu anataka unga na turubai, mshauri wa nini? Wanaonipa hoja hiyo ni watu waliofiwa, kwa hiyo siidharau. Lakini naipinga.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 1996, vita vya kumng'oa Rais Mobutu vilipoanza, leo ni mzazi anayekimbia na watoto wake mwenyewe. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu Februari. Huyo mzazi atasubiri amani ipi?

Na tiba katikati ya hatari imeshajaribiwa hukohuko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wanawake 405 wa vijiji vya Kivu walionusurika ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipewa ushauri wa mtu mmojammoja. Vingine vilipata tiba ya vikundi: wanawake sita hadi wanane, vikao kumi na viwili, kimoja cha mtu peke yake na vilivyobaki vya kikundi, wakijifunza kulikabili wazo linalomnasa mtu, hasa lile la kujilaumu. Wengi hawakujua kusoma, basi mazoezi yakageuzwa yawe ya kukariri. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wa eneo hilo wenye elimu ya sekondari. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha) au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa kila 100 kwenye vikundi, na 42 kwa kila 100 kwenye ushauri wa mtu mmojammoja. Na hali ya usalama katika vijiji vile ilikuwa bado mbaya.

Nani ana hoja ya kunipinga? Karibuni.

MCHANGIAJI, BUKAVU

Dada, hizo namba siwezi kuzikataa, maana kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu. Lakini umeishia pale utafiti ulipoishia. Sisi tuliokuwa tukiongoza vikundi, mradi ulipofungwa, posho ilikatika mwezi uleule. Wamama hawakukatika. Walikuja mlangoni kwangu usiku, mmoja amemkimbia mume, mwingine hajala siku mbili, nami sina hata sabuni ya kumpa. Nilisikiliza mpaka mimi mwenyewe nikaacha kulala. Nani alinisikiliza mimi?

Watu wa Panzi, hospitali aliyoianzisha hapa kwetu mwaka 1999 Dkt. Mukwege, daktari anayewatibu wanawake waliobakwa, walijifunza kwamba kushona jeraha hakutoshi. Wakaunganisha matibabu ya mwili, ya moyo, msaada wa sheria na namna ya kupata riziki. Mama anapotoka kwenye kikundi akarudi kwenye nyumba isiyo na chungu, unadhani lile wazo la kujilaumu halirudi?

MCHANGIAJI, KAMBI YA WAKIMBIZI YA NYARUGUSU, KIGOMA

Nimekaa hapa miaka mingi. Naomba kusema juu ya wababa, maana sioni wakitajwa. Baba aliyelazimishwa kutazama mke wake akitendwa vibaya hatakuja kukaa kwenye kikundi chochote kinachoitwa cha afya ya akili. Ukimtajia akili, anasikia umemwita kichaa. Yeye atakwambia ana mawazo mengi, au roho inamuuma, basi. Halafu anakunywa, halafu anapiga. Mkimtibu mama peke yake, mnamrudisha kwenye nyumba ileile.

MCHANGIAJI, GOMA

Mimi nasema haki kwanza. Mwanamke anayekutana sokoni na aliyembaka, utamtibu nini? Kongo tuna sheria ya fidia kwa wahanga ya tarehe 26 Desemba 2022 na mfuko wake wa serikali, FONAREV, uliotengewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini, yaani malipo ya wachimbaji kwa serikali. Hizo ndizo fedha za wahanga. Wapewe chao.

MLETA MADA

Ndugu yangu wa Goma, mahakama inataka shahidi. Mama ambaye akisikia buti barabarani anajificha chini ya kitanda hawezi kusimama mbele ya hakimu akataja jina. Ili ifike siku ya kulitaja, kuna mtu wa kuketi naye mapema. Kwa hiyo simwoni mshauri kama mshindani wa hakimu.

Baba wa Nyarugusu, nakubali kabisa. Tuache neno afya ya akili tutumie maneno ya watu wenyewe, na wababa wapate mahali pao, labda pale wanapokutana tayari, kanisani au shambani.

Aliyenishinda ni dada wa Bukavu. Nilikuja na swali la lini, naye amenionyesha kwamba swali kubwa ni nani anamlipa anayesikiliza. Mshahara wake hauwezi kutegemea mradi wa miaka miwili wa mfadhili. Fidia si pesa mkononi peke yake, matunzo ya moyo nayo ni haki ya mhanga. Basi fedha hizo za madini zimlipe kila mwezi, kama anavyolipwa mwalimu.

Tatizo ni hili, na hapa nawaombeni mnisaidie: mfuko ni wa serikali ya Kinshasa, na wanaosikiliza wako Goma na Bukavu, miji iliyochukuliwa na M23. Fedha hizo zipite njia gani mpaka zimfikie mama anayeongoza kikundi, bila kumwingiza hatarini kwa kuonekana anapokea pesa ya serikali?