Naomba ushauri: mabaki ya kahawa yanaharibu udongo wa bustani?

Mgeni wa Jembe: Habari za leo, wanajukwaa. Kiwanda kimoja cha kahawa kimeniruhusu kuchukua mabaki yake bila malipo, nami ninayatumia katika bustani ya uani, lakini nimesikia kwamba yanaongeza tindikali kiasi cha kuua nyanya. Je, nitie chokaa?

Bwana Mboji: Chokaa ya nini, ndugu? Sehemu kubwa ya tindikali hutoka na maji kahawa inapochujwa. Tueleze kwanza: ni maganda ya buni, makapi au machicha, na umeyaweka wapi?

Bi Kitalu: Mimi nilipewa makapi, yale magamba membamba yanayobambuka buni ikikaangwa. Upepo uliyapeleka kwa jirani, tukanuniana, hatimaye nikayafanya matandiko ya kuku, na mchanganyiko wake na kinyesi ukawa mboji safi sana.

Mgeni wa Jembe: Ni machicha mabichi. Kusema kweli nimekwisha kuyatandaza kitaluni, unene wa kiganja hivi, na mbegu za nyanya nimezisia humo humo. Hazijaota, ila sioni jinsi kitu cha asili kinavyoweza kudhuru mbegu, na lori la pili nimeshaliagiza.

Mzee wa Utani: Mbegu zilizolazwa juu ya kahawa, halafu ndizo zinakataa kuamka!

Jicho Kali: Uzi huu umetungwa. Mkaangaji hubaki na makapi makavu, na mgahawa hutoa machicha kwa ndoo. Lori zima la machicha mabichi linatoka wapi?

Mgeni wa Jembe: Kiwanda hiki hutengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka kwenye maji. Huichuja kahawa kwa maji ya moto katika matangi makubwa, hukausha kile kimiminika, na machicha ndiyo yanayotupwa.

Jicho Kali: Hapo nimekuelewa, ingawa ungelisema mwanzoni.

Bwana Mboji: Sasa tuzungumze. Machicha mabichi bado yana kafeini na kemikali nyingine zinazozuia mbegu kuota, na kwa kuwa ni laini, yakitandazwa kwa unene huo hushikamana, hukauka na kuwa gamba linalokataa maji. Vilevile vijidudu vinavyoyaozesha huweza kunyang'anya mimea naitrojeni ya udongo, ijapokuwa machicha yenyewe yana takriban asilimia 2. Yakwangue, uyachanganye na majani makavu na mabaki ya jikoni, machicha yasizidi asilimia 20 ya ujazo wa lundo, kisha uyaache miezi kadhaa. Hilo lori lisimamishe, maana majani makavu ya kulitosha huna.

Mgeni wa Jembe: Dereva ameshaondoka kiwandani, na kumrudisha ni aibu. Je, nikilimwaga kando ya uzio, mvua haitalisomba?

Bi Kitalu: Lifunike kwa turubai, na kama una mbwa, mfungie, kwa sababu kafeini ni sumu kwake.