Uvimbe kwenye pafu: kupasua kifua au matundu madogo?

Kijana_wa_Machame: Wakuu, naombeni ushauri. Mama ana miaka 58, tuko Moshi. CT-skani imeonyesha uvimbe wa sentimita 3 kwenye pafu la kulia, kinyama kimepimwa ni saratani, haijasambaa. Daktari anataka kupasua kifua. Mjomba aliyeko Dar anasisitiza apelekwe India akafanyiwe kwa matundu yenye kamera. Zamani mama aliugua TB, akalazwa Kibong'oto. Tufuate lipi?

Binti_Meru: Pole sana kaka. Baba yangu mdogo alipasuliwa. Alipona, ila maumivu ya mbavu yalimkaa miezi, akitaka kukohoa anakumbatia mto. Uwezo ukiwepo, matundu.

Nesi_Sekei: Poleni kwa kuuguza. Kifua kikipasuliwa, mbavu hutanuliwa kwa chuma, na neva iliyo chini ya ubavu inaumia. Ndiyo maumivu anayosema Binti_Meru. Kwenye matundu mbavu hazitanuliwi, lakini kazi ya ndani ni ile ile: nusu kaputi, pafu moja linasimamishwa, mishipa inafungwa, kipande kinatoka pamoja na tezi. Uingereza walilinganisha wagonjwa 503, matokeo yakatoka 2022. Nusu ya wa matundu walikuwa wamesharuhusiwa kufikia siku ya 4, wenzao siku ya 5. Maumivu yalikuwa madogo zaidi, na saratani iliondolewa vizuri pande zote mbili.

Mimi naiogopa ile TB. Huacha pafu limegandana na ukuta wa kifua, kamera ikakosa pa kupita. Mnaweza kusafiri hadi India, wakaanza na matundu, halafu wakalazimika kufungua kifua hukohuko.

Mangi_Uru: Mjomba aitume kwanza CD ya CT-skani huko India, wajibu kabla hamjauza shamba. Paspoti na viza zinakula wiki, na saratani haisubiri.

Kijana_wa_Machame: Asanteni sana. Dada Nesi, huko kugandana kunaonekana kwenye CT?

Nesi_Sekei: Utando unaofunika pafu ukinenepa unaonekana. Kugandana kwenyewe mara nyingi hujulikana wakishaingia ndani, kwa hiyo muulizeni daktari bila woga: amewahi kuwapasua wangapi waliougua TB? Mama aanze sasa kutembea kila siku na kuvuta pumzi ndefu. Mkiamua kupasua, ombeni dawa ya ganzi kupitia mrija mwembamba wa mgongoni kwa siku za mwanzo. Mgonjwa asiyeumia sana anakohoa vizuri, na anayekohoa vizuri hapati nimonia kirahisi.