Diski inagonga tik-tik, niendelee kuiwasha?

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba ushauri. Nina diski ya nje ya terabaiti 1, ile ya sahani za kuzunguka, imejaa picha za harusi za wateja wangu huku Likoni. Juzi ilianguka kutoka mezani. Sasa kompyuta inaitambua mara mojamoja, folda hazifunguki, na ndani yagonga tik, tik, kisha kimya. Nimebadilisha waya, nimejaribu kompyuta nyingine, wapi! Ripoti ya SMART (ile diski inayoitoa yenyewe kuhusu afya yake) niliiwahi mara moja: sekta 212, yaani vipande vidogo vya diski visivyosomeka vizuri, zinasubiri kukaguliwa. Fundi mmoja alitaka kuiformati kwanza. Nikaichukua diski yangu nikaondoka.

Mlio huu ni kichwa cha kusomea kimeharibika, au naweza kuthubutu kuinakili kwa ddrescue, ile programu ya kuokoa data kutoka diski mbovu? Na hapa Mombasa yuko anayefungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi, au ni mpaka Nairobi?